Shangazi wa Wote

Sogeeni, jamaa zangu, na mwenye simu mkononi aiweke pembeni kidogo. Haya ninayowasimulia yaliipata nyumba moja ya watu wema. Hapakuwa na mlevi wala mwizi wala mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Ndiyo maana nawaomba msikilize vizuri, kwa sababu ubaya unaoingia kwa mlango wa wema haubishi hodi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu. Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya mama, mshona mapazia. Humo mlikuwa na meza ndefu, cherehani, na mabunda ya vitambaa yaliyosimama kwenye kona kama wageni waliokosa viti. Chumba cha nyuma alilala baba, tena mchana, kwa sababu alikuwa mwoka mikate na kazi yake ilikuwa ya usiku. Katikati kulikuwa na kijichumba cha binti yao wa pekee, mwenye miaka kumi na mitatu, ambaye baba yake alimbandika jina la Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kufungwa.

Alasiri za nyumba ile zilikuwa tamu. Chiriku akitoka shule alikaa chini ya ile meza, kapu la kulabu mapajani, akizichomeka moja moja kwenye mkanda wa pazia huku akimwaga habari zote za siku. Mwalimu wa hesabu amevaa soksi za rangi mbili. Rafiki yake amegombana na rafiki yake mwingine, kisha wote wawili wamemnunia yeye. Mama hakuweza kujibu sawasawa, midomo yake ilikuwa imebana pini. Alijibu "Mh!" au "Mh-mh" au "Mh?" na Chiriku alijua maana ya kila moja. Kwa kuwa baba alikuwa amelala, walinong'ona, na kicheko kikiwazidi walikizika ndani ya kitambaa cha mteja.

"Mama, unanisikiliza?"

"Mh!"

Ilikuwa hivyo, na Chiriku hakuwahi kufikiri kwamba kitu kama hicho kinaweza kwisha.

Siku moja akaja mteja kupimiwa mapazia, kijana mmoja karani wa maktaba. Katika mazungumzo ya tepu na upana wa dirisha, akamweleza mama habari za kundi aliloanzisha mtandaoni, liitwalo Ukoo wa Hiari.

Hapa lazima niwaambie jambo kuhusu mama huyu, mpate kumwelewa kabla hamjamhukumu. Alifiwa na wazazi kabla hajaota meno ya pili. Alilelewa nyumba hii mwaka huu na nyumba ile mwaka unaofuata, akizungushwa kama chungu cha kuazima, na kila alikofika aliambiwa kwa maneno au kwa macho, "Wewe si wetu hasa." Alikua bila mtu wa kumwita shangazi. Hata siku ya ndoa yake, upande wake wa viti walikaa wateja.

Wazo la ukoo ule lilitoka mbali. Katika miji mikubwa ya dunia, watu walio mbali na kwao, au waliofukuzwa na kwao, huamua kuwa ndugu. Huandaliana chakula, huuguzana, hushika siku za kukumbukana. Karani alilisoma wazo hilo mtandaoni, akalipenda, lakini akaona linampwaya mwilini. Basi yeye na wenzake wakalipunguza mikono, wakalibana kiuno, wakalikunja pindo hadi likawakaa. Huko lilikotoka, watu waliitana kwa majina yao tu. Hawa wakasema, ndugu gani asiye na cheo? Wakagawana vyeo: huyu mjomba, yule bibi, huyu wifi, yule babu ingawa hana hata mvi moja. Tena, ukoo gani usio na utani? Wakajigawa Nyumba ya Kuni na Nyumba ya Maji. Maji wakiandika, "Nyie kuni, tukiwamwagikia mnabaki moshi," Kuni nao wanajibu, "Bila sisi mtanywewa baridi mpaka lini?" Jumamosi kila mtu alipika alichonacho, akapiga picha sahani yake, na picha zote zikaunganishwa zikawa sinia moja. Kila mmoja alifunga uzi wa buluu mkononi. Salamu yao ilikuwa "Ukoo?" na jibu lake "Upo!" Hata methali waliipindua: damu ni nzito kuliko maji, na hiari ni nzito kuliko damu.

Msicheke. Aliyeshiba undugu hawezi kuijua njaa yake.

Mama alipoingia kundini, akaandikiwa na watu asiowajua: "Karibu nyumbani, shangazi." Chiriku alimwona akiisoma ile karibu, akaisoma tena, pini zikamdondoka mdomoni, machozi nayo yakamdondoka.

"Mama, nini?"

"Wameniita shangazi," alisema mama, akicheka na kulia. "Njoo, na wewe nikufunge uzi."

Chiriku akafungwa uzi, akatamba nao shuleni. Na kwa kweli ukoo ule ulifanya mema. Kijana aliyekuwa amelazwa hospitali peke yake alipata watu wa kumpelekea uji kwa zamu. Mjane aliyekuwa haongei na mtu akarudi kucheka. Mama alikuwa na ulimi wa asali na moyo mpana. Kila aliyelia alimwita yeye, na muda si mrefu wakamtawaza Shangazi Mkuu.

Cheo kikubwa, kazi kubwa. Kwanza ilikuwa ujumbe mmoja mmoja kati ya pazia na pazia, kisha ikawa pazia moja moja kati ya ujumbe na ujumbe. Chiriku alikaa chini ya meza na kapu lake, akaanza: "Mama, leo mwalimu wa hesabu—" na mama akainua kidole. Kidole kile! Kilimaanisha subiri. Alisubiri. Kulabu zikaisha kapuni, kidole bado kimesimama. Alipojaribu tena siku nyingine akaambiwa, "Kidogo tu mwanangu, kuna mtoto wa watu analia huku."

Taratibu Chiriku akajifunza kuchomeka kulabu kimya. Halafu akaacha kuja.

Ikawa alasiri moja, akiwa chooni, Chiriku akaona damu. Alikuwa amefundishwa shuleni na alijua ni nini, lakini kujua na kupatwa ni vitu viwili.  Alikwenda hadi mlango wa karakana, akasimama.

"Mama."

Mama alikuwa anaongea na simu, akirekodi ujumbe wa sauti, mkono kifuani. Akainua kidole.

"Mama, nina jambo."

"Nakuja, mwanangu, nakuja. Huyu binti ameachwa na mchumba, anaweza kujidhuru."

Chiriku akarudi chumbani. Alikuwa na simu ya zamani ya baba yake, kioo kimepasuka, aliyopewa kwa ajili ya masomo. Alikaa kitandani akiitazama. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Akaomba kuingia kwenye Ukoo wa Hiari, akajiita Yungiyungi, na alipokaribishwa akamwandikia Shangazi Mkuu faraghani: *Shangazi, nimepata damu kwa mara ya kwanza. Mama yangu ana kazi. Naogopa.*

Akasubiri. Na hapa, jamaa zangu, sikilizeni. Alisikia sauti ya mama yake mara mbili. Kwanza ilipenya ukutani, ya chini chini, isiyoshikika. Kisha ikatoka kwenye simu, safi kabisa, kana kwamba mama amekaa kando yake na kumzungushia mkono.

"Ooh, mwanangu. Njoo hapa kwa shangazi yako. Usiogope hata kidogo, hiyo si aibu, hiyo ni habari njema. Tafuta kitambaa cha pamba, laini, safi, ukikunje hivi. Kunywa kitu cha moto, ulale kwa ubavu. Na mama yako akipata nafasi mwambie, atafurahi. Mama gani asiyefurahi?"

Chiriku aliisikiliza mara nyingi. Halafu akaamka, akaenda karakana, akapita nyuma ya kiti cha mama yake, akachukua kipande cha bitana ya pamba kwenye kapu la mabaki. Mama hakugeuka. Alikuwa anaangalia simu, akitabasamu tabasamu la mtu aliyemsaidia mtoto.

Tangu siku hiyo kila akitoka shule Chiriku alijifungia chumbani kumwandikia shangazi. Alimweleza soksi za mwalimu, na shangazi akacheka kwa sauti. Ukuta nao ukacheka. Ili asitambulike, alidanganya kwamba mama yake anauza viatu na kwamba kwao ni ghorofani, ingawa mji aliutaja ule ule. Hakusema umri wake, na hakuulizwa. Lakini ndani ya kila ujumbe alificha kitu kidogo cha kweli, kitu ambacho mama yake angekijua: hofu yake ya radi, au kovu la goti, au ule wimbo wa kuhesabu kulabu aliotunga mwenyewe akiwa mdogo. Alikuwa anabisha hodi. Kila mara alingoja mlango wa chumba ufunguliwe, mama asimame pale aseme, "Ni wewe?" Mlango haukufunguliwa. Kilichokuja ni neno tamu kwenye simu: *Pole, Yungiyungi wangu.*

Baba aliliona jambo kabla ya mama. Asubuhi moja aliporudi na mkate wa moto kwapani, unga umemjaa nyusi, alimkuta Chiriku anafunga viatu.

"Chiriku wangu, mbona siku hizi sisikii kelele? Mimi hulala kwa kelele zako. Kukiwa kimya nagutuka."

"Nimekua, baba."

"Kukua ndiyo kunyamaza? Mbona mimi nimekua na bado nabwabwaja?"

Chiriku akatabasamu tu, akaondoka. Baba akamfuata mke wake karakanani.

"Mama Chiriku, mtoto ana nini?"

"Ni umri," alijibu mama, macho kwenye simu. "Nawaona wengi huku kwenye ukoo. Yupo mmoja, Yungiyungi, maskini, ungesoma anayoyaandika! Mama yake hana habari naye kabisa."

Baba akatazama dirisha la karakana, ambalo pazia lake lilikuwa limechanika tangu msimu wa mvua. "Mke wangu," alisema, "unasitiri madirisha ya watu, letu liko wazi." Kisha akaenda kulala, maana usingizi ulikuwa umemshika shingo. Naye ana sehemu yake ya lawama. Aliona, akasema mara moja, akajifunika shuka.

Ikaja siku ya wazazi shuleni. Chiriku alichaguliwa kusema kwa niaba ya wanafunzi wote, na mama aliapa atakuja. Lakini siku ile iliangukia Jumamosi, na Jumamosi ni siku ya sinia. Chiriku aliposimama mbele ya watu aliona baba yake mstari wa pili, amekuja moja kwa moja kutoka kwenye tanuri, kichwa kinamwangukia kifuani kwa usingizi. Kofia yake alikuwa ameiweka kwenye kiti cha pembeni, kumwekea mtu nafasi. Chiriku alisoma hotuba nzima akiiangalia ile kofia. Alipomaliza, baba alizinduka akapiga makofi kuliko wote. Kofia haikuondolewa na mtu.

Jioni ile Yungiyungi aliandika: *Shangazi, leo ilikuwa siku yangu. Mama hakuja.*

Sauti iliyojibu ilikuwa na hasira, hasira ya mapenzi. "Mama gani huyo? Mtoto wangu mimi asimame mbele za watu nisiwepo? Sikiliza, Yungiyungi. Anayekuona ndiye ndugu yako. Hiari ni nzito kuliko damu. Likizo si imeanza? Nenda ukapumzike kwa watu wanaokupenda. Tunaye bibi wa Nyumba ya Maji, mkunga mstaafu, mji wa pili tu kutoka kwenu, mtu mwaminifu. Nitamwambia akupokee kituoni."

*Na mama yangu?*

"Mwache akutafute. Labda atajua alichokuwa nacho."

Chiriku alikaa na maneno hayo usiku kucha, kisha akaandika: *Nitakwenda.* Kesho yake, mkoba mdogo mkononi, alisimama mlango wa karakana. Alitaka kumpa mama yake nafasi moja tu.

"Mama, naweza kuondoka?"

"Mh!" alisema mama, na safari hii hakuwa na pini mdomoni. "Nenda tu, mwanangu. Rudisha mlango, kuna upepo."

Akaurudisha mlango.

Mkunga mstaafu alimngoja kituoni na uzi wa buluu mkononi. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mcheshi. Alimkumbatia Chiriku kabla hajamtazama vizuri, akampiga picha pale pale, akaituma kundini: *Yungiyungi wetu amefika salama. Ukoo?* Majibu yakamiminika: *Upo! Upo! Upo!* Ndipo alipomtazama.

"Wewe una miaka mingapi?"

Chiriku akamwambia.

"Yesu wangu! Mimi niliambiwa msichana, nikadhani msichana mkubwa. Mama yako anajua uko hapa?" Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyezalisha wanawake wengi na anayejua mtoto ana mwenyewe. "Nipe namba yake, mjukuu. Sasa hivi."

"Unayo, bibi," alisema Chiriku. "Ndiye aliyekuomba unipokee."

 Mkunga akakaa juu ya benchi la kituo, simu bado mkononi. Wote wawili wakaangalia simu. Watu wa Kuni na Maji walikuwa bado wanatupiana utani, wanamkaribisha Yungiyungi, wanasifu macho yake. Kisha likatokea jina la Shangazi Mkuu, na chini yake neno *anaandika*. Likapotea. Likatokea tena, likapotea. Chiriku alihisi moyo wake unapotea na kutokea nalo. Miezi yote ile ndicho alichokuwa anakitamani: mama yake amtazame.

Simu ikaita.

Mwanzo ilikuwa pumzi tu. Nyuma ya pumzi, cherehani ilikuwa inaendelea kuzunguka, mtu amesahau mguu wake juu ya kanyagio.

"Chiriku?" alisema mama.

Chiriku alitaka kusema mama. Lakini kwenye simu ile hakuwahi kumwita hivyo. Likatoka lile alilolizoea.

"Ndiyo, shangazi. Nimefika."

Walikuja siku hiyo hiyo, mama na baba, baba bado na aproni ya kazi. Mama alipiga magoti sebuleni kwa mkunga, akashika miguu ya binti yake. "Ni mimi, mwanangu. Nisamehe. Ulikuwa upande wa pili wa ukuta tu, nami nilikutafuta dunia nzima."

"Hukunitafuta," alisema Chiriku taratibu, bila hasira. "Nilikuwa nakuja mwenyewe."

 Mkunga alipeleka chai mezani, akasema kwa upole, "Shangazi, sote tumekosa. Mimi nilimpokea mtoto wa watu bila kuuliza, kwa sababu ulisema wewe. Ungemtuma kwa mtu mwingine mwenye uzi kama huu, leo tungekuwa tunasema mengine." Mama akajifunika uso.

Chiriku alirudi nyumbani. Mama akakivua cheo mbele ya ukoo wote na kueleza kilichotokea bila kujificha. Wengine walilia naye, wengine walimshambulia, wachache wakatoka. Karani wa maktaba aliitisha kikao, na wakalifumua wazo lao tena kama nguo iliyoshonwa vibaya begani. Ile methali waliyoipindua wakaifuta. Wakaweka desturi mpya: atakayekuja analia, kwanza aulizwe umri wake, kisha aulizwe nyumbani kwake nani atamtafuta. Ukoo upo hadi leo, na unafanya mema yake. Mama yumo, mtu wa kawaida, dakika chache za jioni.

Alasiri huweka simu kwenye droo. Hukaa mezani, midomo haina pini, mikono mapajani. Chiriku naye hurudi chini ya meza kuchomeka kulabu, maana ni mtoto mwema. Ila siku hizi huitika tu anapoitwa.

"Niambie, mwanangu. Leo mwalimu wa hesabu amevaa nini?"

"Kawaida tu, mama."

"Na rafiki zako?"

"Hawajambo."

Mama husubiri. Anasikia kulabu zikiingia mkandani, moja, nyingine, nyingine. Siku moja moja Chiriku huvuta pumzi kama anayetaka kuanza, na mama huacha kazi yote, akainamisha kichwa. Kisha pumzi ile hushushwa, na kulabu zikaendelea.

Mafunzo

Jamaa zangu, sikusema kundi ni baya. Kuchukua wazo la mbali, kulishona upya likatukaa, kupeana majina ya undugu na kuufanya upweke wa watu kuwa ukoo, hiyo ni kazi nzuri, na wapo walio hai leo kwa sababu yake. Lakini wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mtoto wa watu anayelia kwenye simu ana haki ya huruma yako, ila mwulize kwanza mama yake yuko wapi, na ukishamwuliza, jiulize wako yuko wapi. Kabla hujamwambia mtu aache damu yake, kumbuka humjui, hujui ni nani, na pengine mkono wako ndio unaomsukuma nje ya mlango wako. Akina baba, mkiliona jambo msiliseme mara moja mkalala. Na ninyi wazazi wote: mtoto hubisha hodi kwa muda, akichoka huacha. Siku utakayokuwa tayari kumfungulia, waweza kumkuta amesimama pale pale mlangoni, mzima, mpole, na hana tena la kukwambia.